Mzee Tone Anakabidhi Lundo la Tisa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Msimamizi Mkuu wa Malundo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kumwagilia mawe. Alianza kama kibarua wa kutandaza mabomba, akawa kiongozi wa zamu, kisha msimamizi, na anaondoka akiwa na afya njema, meno karibu yote, na suruali moja ya kazi isiyo na tundu. Sisi wenzake wa maabara, wa kusaga mawe, wa pampu na wa nyumba ya umeme tumeombwa tumuage kwa maneno machache. Maneno machache hayatoshi, lakini mchapaji ameshasema kurasa ni nne na ya tano hakuna.

Kwanza liwekwe wazi jambo ambalo kiwanda kizima kinalijua. Kamati ya sherehe ilipomuuliza Mzee Tone, kama tunavyomwita sote kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, angependa zawadi gani, hakutaja saa ya ukutani wala seti ya vikombe. Alisema anataka kuona Lundo la Tisa likitoa maji ya buluu kabla hajavua buti. Kamati ikacheka, ikaandika friji. Yeye hakuwa anatania, na tangu siku hiyo kiwanda kizima kimekuwa roho juu pamoja naye.

Kwa ajili ya wajukuu na wageni watakaosoma haya wakiwa ukumbini, tueleze kidogo. Mawe yetu yana shaba ndani yake, nayo huonekana kama ukungu wa kijani tu; kwa nyundo huipati. Mawe husagwa, kisha hupitishwa kwenye pipa kubwa linalozunguka, ambamo hulowanishwa kidogo kwa maji na tindikali ili vumbi lishikamane na kokoto. Yakitoka hapo hurundikwa juu ya turubai zito la plastiki mpaka yawe mlima wenye eneo la uwanja wa mpira. Juu yake hutandazwa mipira myembamba ya maji yenye vitundu, na tindikali iliyozimuliwa kwa maji mengi hudondoka tone kwa tone. Inashuka taratibu, inaiyeyusha shaba njiani, na kutokea chini mferejini ikiwa na rangi ya buluu. Wenzetu wa nyumba ya umeme huyapokea maji hayo, huitoa shaba humo na kuigandisha kuwa mabamba mekundu yanayong'aa, na kila mwaka hupigwa picha wameyashika. Mzee Tone hajawahi kuonekana katika picha hizo. Anasema wale ni wavunaji, na yeye ni mkulima.

Mama yake mzazi aliliweka kwa namna nyingine. Majirani walipomuuliza mwanawe amepata kazi gani, alijibu kwa unyonge kwamba anamwagilia mawe. Majirani wakampa pole, na mmoja akajitolea kumtafutia kijana kazi ya maana.

Jina la Mzee Tone hakuzaliwa nalo. Miaka ya mwanzo aliitwa Bwana Ziwa, na waliompa jina hilo hawakuwa wakimsifu. Alikuwa kiongozi wa zamu kijana, mwenye mbio na sauti, kofia ngumu ameivaa upande. Ikatangazwa kwamba wenye mali wanakuja kutembelea kiwanda. Lundo la Pili lilikuwa limefika nusu, na pipa la kulowanishia mawe likavunjika beringi. Kipuri kilikuwa njiani. Wenye busara walishauri kusubiri, lakini yeye aliona kusubiri ni kazi ya wagonjwa hospitalini. Akaamuru mawe yarundikwe hivyo hivyo, makavu, na vumbi lake lote, kisha akafungua valvu hadi mwisho ili wageni wakute mfereji unatiririka buluu.

Aliyewahi kumwaga maji kwenye unga anajua kilichofuata. Vumbi likawa tope, tope likaziba kila upenyo kati ya kokoto, na tindikali ikakosa pa kupita. Wageni walipofika, mfereji ulikuwa mkavu kabisa, na juu ya lundo kulikuwa na ziwa zuri, tulivu, mawingu yanaonekana ndani yake. Mgeni mmoja aliuliza kama tunafuga samaki. Kabla hajajibiwa, ubavu mmoja wa lundo uliporomoka ukashuka na mabomba yake, na wenye mali wakateremka upande wa pili mbio mbio, mikono kwenye kofia.

Hakufukuzwa. Meneja wa wakati ule alimwambia maneno machache tu: lundo ni lako, libomoe, ulirundike upya. Alilibomoa yeye na zamu yake, kwa makoleo pale ambapo mashine ingetoboa turubai la chini, na kazi hiyo ikala msimu mzima wa mvua. Wanaokumbuka wanasema aliingia kwenye lile tope akiwa mtu mmoja na akatoka mwingine. Haraka ilimtoka mwilini. Tangu hapo, mwenye pupa yeyote aliyemwendea akitaka valvu ifunguliwe zaidi alipata jibu lile lile: tone, mwanangu, tone. Jina jipya likaja lenyewe, na la zamani likabaki kwa wakongwe, ambao hulitumia anapowashinda bao.

Alitoka huko na desturi ambayo leo kila anayeanza kazi malundoni hufundishwa siku ya kwanza. Mawe yakitoka kwenye pipa, huchota konzi moja, huyafinya ndani ya glavu, kisha hufungua kiganja. Yakitawanyika, maji hayajatosha. Yakichuruzika, maji yamezidi. Yanatakiwa yakae kama donge na kuacha doa la unyevu kwenye glavu. Mhandisi wetu, ambaye ndiye aliyepigania tununuliwe mashine ya kupima unyevu, anasema konzi hubisha hodi na mashine hufungua mlango, na wawili hao hawajawahi kugombana.

Ugomvi uko nyumbani. Wifi yetu, yaani mkewe, anasema mume wake hawezi kupita karibu na unga unaokandwa bila kuufinya na kutoa maoni. Siku ya harusi ya binti yao mkubwa alipotea ukumbini, akatafutwa kwenye magari na kwenye picha, akapatikana jikoni kwa mpishi, kiganja wazi, akimshauri aongeze maji kidogo. Mpishi alimtoa kwa mwiko. Ndiyo maana katika picha za familia baba wa bibi harusi ana unga kwenye tai.

Na kwa kuwa tumemtaja wifi, tumpe haki yake. Yeye ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi alipigana na tindikali kuliko sisi tunaolipwa. Overoli za pamba zilitoka nyumbani Jumatatu zikiwa nzima, na kufikia Ijumaa zilikuwa zinapitisha hewa mahali pasipostahili. Alishona viraka vya pamba, navyo vikaliwa. Siku moja, kwa hasira, alichukua pazia kuukuu la poliesta lenye maua makubwa mekundu, akamtilia mumewe viraka magotini na makalioni ili aone haya na ajifunze kujitunza. Mume hakuona haya hata chembe. Viraka vikadumu kuliko overoli yenyewe, kwa sababu poliesta na tindikali hazijuani. Baada ya wiki chache zamu nzima ilikuwa imepeleka suruali kwa wifi, na malundo yakajaa wanaume wazima wenye maua magotini. Baadaye ofisi ya ununuzi iliagiza overoli za poliesta kwa wote, na hakuna aliyekumbuka kumshukuru. Tunamshukuru leo, mbele ya watu. Ahsante sana, wifi.

Sisi wa maabara tuna malalamiko, na huu ndio wakati wa kuyatoa kwa kuwa mtuhumiwa anaondoka. Kaka huyu hajawahi kufuta buti mlangoni. Ameingia na tope lake, ameketi kwenye kiti cha mpimaji ambaye ndiye mimi, akainua chupa ya sampuli dirishani na kutangaza ina shaba kiasi gani kabla sijamaliza kuipima. Mara nyingi alikosea. Alikosea kwa furaha, akaomba chai, na kesho yake akarudi kukosea tena. Siku alizokuwa likizo maabara ilikuwa safi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeifurahia.

Kwenye usalama hana mzaha, ingawa njia zake zimetuchekesha sana. Kila mgeni, awe kibarua au mkurugenzi, husimamishwa katikati ya malundo, huonyeshwa lilipo bomba la mvua la dharura, kisha huambiwa afumbe macho alitafute kwa miguu. Mhasibu mmoja alikumbatia nguzo akaishukuru. Meneja wetu wa sasa alilipata mara ya kwanza, akavuta mnyororo kwa nguvu ili kuthibitisha, na akaendesha kikao chake cha kwanza ndani ya overoli ya kuazima.

Tulicheka mpaka asubuhi ile kiungo cha bomba kilipofyatuka na tindikali ikampata fundi pampu usoni, ikapenya chini ya miwani. Macho yalijifumba yenyewe. Miguu ilijua njia. Alipofika kwenye bomba la mvua, Mzee Tone alikuwa ameshafika, akamshika kichwa chini ya maji na kukataa kukiachia, hata fundi alipolia kwamba yatosha, hata yeye mwenyewe alipoanza kutetemeka kwa baridi, mpaka gari la wagonjwa likaja. Fundi pampu leo anaona kwa macho yote mawili. Mtoto wake wa kwanza humwita Mzee Tone babu, na hakuna aliyemfundisha.

Tumtaje pia msaidizi wake, tunayemwita Dada Futi kwa kuwa hapandi lundo bila utepe wa kupimia. Alikuja kutandaza mipira akiwa binti mnyamavu, na kwa muda mrefu wawili hao wamebishana kuhusu nafasi kati ya mpira na mpira kwa sauti inayosikika hadi kantini. Mzee Tone hupenda kusema kwamba amemfundisha kila anachokijua, na Dada Futi hujibu kwamba alimaliza somo mapema. Lundo la Tisa walilipanga pamoja, tangu turubai la kwanza hadi valvu ya mwisho, na kuanzia Jumamosi atakuwa msimamizi yeye.

Sasa turudi kwenye zawadi aliyoiomba. Mvua zilichelewesha kutandaza turubai, na Lundo la Tisa likaanza kumwagiliwa mwezi wa tano ukiwa umekwisha kukomaa. Mhandisi alipiga hesabu akazibandika ubaoni bila kumwonea mtu aibu. Matone ya kwanza yangetokea chini wiki ya mwisho ya Juni. Rangi ingefuata baadaye, kwa kuwa mawe mapya huila tindikali yote kwanza, na maji yanayotangulia hutoka mikono mitupu. Kwa hesabu hiyo buluu ingefika Julai, siku chache baada ya mzee kuvua buti. Alizisoma zile hesabu, akazisoma tena, akasema ni nzuri. Lakini kila asubuhi alianza kazi kwa kuinama mferejini, na kila asubuhi tulijifanya hatumwoni.

Kuna mtu mmoja ambaye hakuweza kuvumilia. Jumatatu ya wiki iliyopita Mzee Tone alipanda lundo akakuta madimbwi madogo juu yake, ya ukubwa wa sinia. Hakuuliza. Alipita valvu moja baada ya nyingine akizirudisha zilipokuwa, kisha akashuka hadi karakana ya pampu. Fundi pampu alikuwa amesimama mlangoni anamngoja, spana mkononi, uso umemshuka. Alikuwa amezifungua kidogo kidogo kwa siku mbili ili maji yawahi Ijumaa, ili mzee aondoke na alichokitaka. Wote tulijiandaa kusikia kelele. Mzee alimwekea mkono begani akamwambia, "Mwanangu, zawadi ya ziwa mimi nilishapewa." Fundi alilia wazi wazi, na mzee naye akajipangusa macho akisingizia harufu ya tindikali.

Meneja, ambaye moyo wake ni laini kuliko sauti yake, alijaribu njia halali. Alimwita ofisini akamwambia mkataba unaweza kuongezwa wiki mbili, bila hata kumsumbua mtu. Akae, aone rangi, kisha aende. Tulidhani mambo yamekwisha, na kantini ilianza kupiga vigelegele kabla ya majibu. Mzee aliomba apewe usiku mmoja wa kufikiri. Wifi anasema aliukesha ukingoni mwa kitanda, anafinya mto.

Asubuhi alikataa. Alitoa sababu mbele yetu, Dada Futi akiwepo, na ninaiandika kama alivyoisema: "Nikibaki, rangi ikitoka mtanitazama mimi. Na huyu naye atanitazama mimi. Siku lundo likiziba, nimeshaondoka, atamtazama nani? Mimi lundo la kwanza kuwa langu peke yangu lilikuwa lile la tope. Yeye nataka aanze na la buluu." Mtu asidhani kwamba lilikuwa jambo dogo kwake. Alilitaka kama mtoto anavyotaka kitu, tulimwona, na akaliacha.

Matone yalitokea jana, Jumatano, kabla ya chai ya saa nne. Kelele iliyopigwa na aliyeyaona kwanza iliwatoa watu hata ofisini kwa mhasibu. Tulikimbilia mferejini, wenye buti na wenye viatu vya ofisini, na kweli, kutoka kwenye bomba la chini la Lundo la Tisa maji yalikuwa yanadondoka. Meupe. Nilichukua sampuli nikakimbia nayo, nikaipima mara mbili nikitumaini nimekosea, na mara zote mbili shaba haikuwepo ya kutajwa. Nilirudi nikamwambia ukweli, kwa sababu hajawahi kunifundisha kusema kingine. Alikinga kiganja chenye glavu chini ya bomba mpaka kikajaa, akayatazama yale maji, akacheka kicheko cha mtu aliyeshiba.

Leo Alhamisi, programu hii ikisubiriwa na mchapaji, amekabidhi funguo za valvu pale pale mferejini. Hakukuwa na hotuba. Dada Futi alizipokea kwa mikono miwili, akamwambia shikamoo kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwake, naye akaitikia. Fundi pampu aliahidi kwa sauti kubwa kwamba rangi ikitokea tu, hata alfajiri, atampigia simu mzee kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. Mzee Tone alimkatiza. "Usinipigie mimi kwanza," akasema. "Mwite mwenye lundo. Mimi nipigieni akishaona."

Kaka yetu, ahsante kwa malundo manane yaliyosimama na moja lililoanguka likakufanya uwe wewe. Ahsante kwa macho uliyoyaokoa, kwa tope uliloleta maabara, na kwa kutufundisha kungoja bila kununa. Nenda nyumbani kwa wifi, ulale mpaka jua likutafute, uwaone wajukuu wakikua, uwe na siku ndefu zisizo na king'ora, na Mungu akuzidishie afya. Simu yako iache wazi. Asubuhi moja hivi karibuni itaita, na utatusikia sote tunapiga kelele kwa pamoja, na Dada Futi kuliko wote. Utakuwa wa pili kujua, kama ulivyotaka.